Kompyuta ndogo ya ofisini inapogeuzwa seva ya nyumbani

Katika maduka ya kompyuta zilizotumika mjini Arusha na hapa Moshi kuna kisanduku cheusi ambacho wateja wengi hukipita bila kukitazama, kwa sababu hakifanani na kompyuta waliyoizoea. Ni kipana kama sahani ya kupakulia, unene wake ni vidole viwili, na mara nyingi kinalala chini ya rundo la kibodi na nyaya. Mafundi hukiita CPU ndogo. Kampuni tatu kubwa hukiuza kwa majina tofauti, yaani ThinkCentre Tiny ya Lenovo, OptiPlex Micro ya Dell, na EliteDesk au ProDesk Mini ya HP, lakini ukivifungua vyote utakuta wazo lilelile: mazabodi ndogo, prosesa isiyokula umeme mwingi, RAM za aina ya laptopu, feni moja, na adapta iliyokaa nje, vyote vikiwa katika ujazo wa lita 1 hivi.

Mojawapo ya sababu za vifaa hivi kupatikana kwa bei ya kuvumilika ni uamuzi uliofanywa mbali na hapa. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au kilicho juu yake, pamoja na kichipu cha usalama cha TPM 2.0, na Microsoft ikasitisha matunzo ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ofisi za nje zilizokuwa na mashine za kizazi cha 6 na cha 7 zikajikuta na vifaa vizima ambavyo haviwezi kuendelea na mfumo mpya kwa njia rasmi. Kwa mtu anayetaka seva ya kutunzia picha za familia, filamu, rekodi za kamera za getini au nakala za kazi zake, katazo hilo halimhusu hata kidogo, kwa kuwa mifumo ya Linux kama Debian, Ubuntu na Proxmox huendeshwa kwenye mashine hizo bila kuuliza ni za mwaka gani.

Linalosahaulika ni kwamba kisanduku hiki kimehamishwa kazi. Kilibuniwa kikae juu ya meza ya karani, kiwashwe asubuhi na kuzimwa jioni, katika chumba kisicho na vumbi na kwenye umeme usiokatika. Sisi tunakichukua na kukiweka chini ya televisheni, sebuleni Pasua hapa Moshi au Njiro kule Arusha, kiwake usiku na mchana mwaka mzima, katika vumbi la Februari na kwenye umeme unaoondoka na kurudi bila hodi. Karibu kila ugonjwa nitakaoueleza hapa chanzo chake ni uhamisho huo, na uboreshaji wenye maana ni ule unaoisaidia mashine kuimudu kazi mpya. Ndiyo maana sianzi na RAM, ingawa ndicho kitu ambacho kila mtu hukimbilia kuongeza.

Umeme kwanza

Prosesa zenye herufi T mwishoni mwa jina, kama i5-6500T au i5-8500T, zimepangiwa wati 35, na mashine zake huja na adapta ya wati 65. Mashine zenye prosesa za kawaida za wati 65 mara nyingi huja na adapta ya wati 90 au zaidi na bamba la kupozea lililo kubwa zaidi. Adapta ya Lenovo hutoa volti 20 kupitia plagi bapa ya mstatili, wakati za Dell na HP hutoa volti 19.5 kupitia plagi ya duara yenye sindano nyembamba katikati. Plagi hizi mbili za duara zinafanana kiasi kwamba ya huyu huingia kwenye tundu la yule, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia.

Sindano ile ya katikati haipo kwa ajili ya kupitisha umeme wa kuendeshea mashine; inapeleka taarifa. Kwa upande wa Dell, ndani ya adapta kuna kichipu kidogo kinachoiambia mashine kwamba adapta hii ni ya wati kadhaa, na mashine isipoipata taarifa hiyo hujihami: inaonyesha onyo inapowaka na kuishusha prosesa hadi mwendo wa chini kabisa. Kwa hiyo adapta ya kuunga yenye volti sahihi na ampea sahihi, au adapta halisi ambayo waya wake mwembamba wa taarifa umekatikia ndani karibu na plagi, itaiwasha mashine bila tatizo lolote la kuonekana, kisha mashine hiyo itakuwa nzito kama trekta lililokwama matopeni. Anayetazama kwa mbali hudhani diski inakufa au virusi vimeingia. Njia ya kujua ni kuipa mashine kazi nzito na huku unaangalia mwendo wa prosesa, kwa mfano kwa amri ya `grep MHz /proc/cpuinfo`. Ukiona tarakimu zimeganda karibu na 800 na hazipandi kabisa, ishike adapta kabla hujashika kitu kingine chochote.

Onyo hilo lina madhara mengine ambayo humpata mwenye seva peke yake. Mtu anarudi jioni, umeme ulikatika mchana ukarudi, taa ya mashine inawaka, feni inazunguka, lakini seva haionekani kwenye mtandao. Akiunganisha skrini anakuta ujumbe unaosubiri mtu abonyeze F1 ili mashine iendelee, na kwa kuwa haina kibodi, ingeweza kusubiri mpaka Pasaka. Baadhi ya bayosi, yaani programu ya msingi inayoamka kabla ya mfumo wenyewe, huwa na kipengele cha kuruhusu mashine ipite maonyo bila kusubiri mtu, nacho kinafaa kuwashwa mapema kwenye mashine yoyote itakayokaa bila skrini.

Kipengele cha pili cha kuwasha mapema ni kile kinachoamua mashine ifanye nini umeme unaporudi. Mashine ya karani hubaki imezimika hadi karani abonyeze kitufe, na hivyo ndivyo nyingi zilivyopangwa zinapotoka kiwandani. Kwenye Dell kipengele hicho huitwa «AC Recovery», na kwenye Lenovo na HP hupatikana kwa jina la «After Power Loss». Kiweke kwenye hali ya kuwaka yenyewe. Kuingia kwenye bayosi ni F2 kwa Dell, F1 kwa Lenovo na F10 kwa HP.

Halafu ipo betri ya saa, ile ya duara kama sarafu, aina ya CR2032, inayokaa kwenye mazabodi na kugharimu kidogo kuliko nauli ya kwenda kuinunua. Mashine iliyotengenezwa mwaka 2016 au 2017 huenda bado ina betri iliyotoka nayo kiwandani, na wakati mashine ilipokuwa ghalani bila umeme, betri hiyo ndiyo iliyokuwa ikiiendesha saa. Betri ikichoka, kila umeme unapokatika saa inarudi nyuma miaka kadhaa. Madhara yake hayafanani na tatizo la saa hata kidogo: programu zinakataa kupakua masasisho, tovuti zinadai kwamba vyeti vya usalama havijaanza kutumika, na picha zinazopakiwa kutoka kwenye simu zinawekwa chini ya mwaka usiokuwepo. Betri nzima husoma volti 3 au zaidi kidogo kwenye mita. Mimi huibadilisha siku ileile ninaponunua mashine bila hata kuipima, kwa sababu kuipima kunachukua muda uleule wa kuibadilisha.

UPS ndogo, yaani kisanduku cha betri kinachoshika umeme unapokatika, ni ununuzi bora kuliko RAM ya pili. Mashine hizi zikiwa zimetulia hula takriban wati 10, na ruta ya nyumbani hula kiasi kinachokaribia hicho. UPS za VA 650 mara nyingi hubeba betri ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84 kwenye karatasi. Hata ukipata nusu yake tu, mashine na ruta vitaendelea kwa saa 2 hivi. Ikiwa UPS ina tundu la USB, iunganishe na seva na usimike programu ya NUT, ili betri inapokaribia kuisha mashine ijizime kwa utaratibu badala ya kukatwa katikati ya kuandika. Mfumo wa faili wa ext4 huweza kujirekebisha baada ya kukatwa hivyo, lakini hifadhidata za programu zilizo juu yake hazina uhakika huo. Nami huweka friji gadi kabla ya UPS, ile tunayoijua kwenye friji, kwa kuwa husubiri kidogo umeme ukirudi kabla ya kuuruhusu upite, na kipindi hicho kifupi ndicho chenye mitikisiko mibaya.

Gharama ya Luku hueleweka vizuri zaidi kwa hesabu kuliko kwa hofu. Wati 10 kwa saa 24 kwa siku 30 ni uniti 7.2. Kwa mteja wa kawaida wa matumizi ya jumla, ambaye shilingi 10,000 humpatia uniti 28 hivi, hiyo ni kama shilingi 2,600 kwa mwezi. Kompyuta kubwa ya zamani inayokula wati 60 ikiwa imetulia ingekula uniti 43 katika kazi hiyohiyo. Mwenye nyumba aliye kwenye daraja la matumizi madogo, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, apige hesabu kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa uniti hizo 7 zinaweza kuwa ndizo zinazomvusha mpaka.

Vumbi na joto

Arusha iko juu, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake wa Julai ni kiyoyozi cha bure. Moshi iko chini zaidi, na kati ya Januari na Machi sebule yenye bati bila dari hugeuka tanuri. Kisanduku cha lita 1 hakina nafasi ya kuficha joto. Kinategemea hewa inayovutwa na feni moja kupita katikati ya mapezi membamba ya bamba la kupozea. Niliwahi kufungua mashine iliyokuwa imekaa dukani kwa muuza vitenge, ikafunguka kwa shida, na juu ya mapezi hayo palikuwa na kitu kama kipande cha blanketi la kijivu, chenye nyuzi za rangi zote za vitambaa alivyouza mwenye duka. Kilitoka kizima, kama ganda la muwa. Feni ilikuwa ikipiga kelele miezi kadhaa kusukuma hewa isiyopita.

Prosesa nyingi za Intel hujipunguzia mwendo zinapokaribia nyuzi 100, kwa hiyo dalili ya kwanza ya joto huwa uzito, si kuzima. Kuzima huja baadaye. Usafishaji hufanywa kwa brashi laini na bloa, huku feni ukiishika kwa kidole isizunguke kwa upepo wa bloa. Dawa ya kijivu iliyopakwa kati ya prosesa na bamba, ambayo mafundi huiita pesti, hukauka na kupasuka kadiri miaka inavyopita, na kuibadilisha kunaweza kushusha joto kwa kiasi cha kukushangaza. Weka tone la ukubwa wa punje ya mchele. Mafundi wengine hupaka kama wanapaka siagi kwenye mkate, na sijaona faida yake zaidi ya kuchafua soketi.

Usiiweke mashine ndani ya kabati lililofungwa, wala juu ya dekoda, wala chini ya kitambaa cha kusuka. Hilo la mwisho nimeliona nyumba tatu tofauti.

Kuongeza uwezo

Sasa tuje kwenye RAM. Mashine za kizazi cha 6 na cha 7 zina sloti mbili na hupokea hadi GB 32 za DDR4 ya laptopu, wakati za kizazi cha 8 huweza kufikishwa GB 64. Kuna mitego. OptiPlex 3040 Micro, ingawa ni ya kizazi cha 6, hutumia DDR3L, ambayo mkato wake hauko mahali pamoja na wa DDR4 na haiingii hata ukilazimisha. Kwa hiyo itoe iliyomo na uisome kibandiko chake kabla ya kununua nyingine. Lakini swali la kwanza ni kama RAM ndiyo inayopungua. Linux hutumia RAM iliyo wazi kuhifadhi vipande vya faili vilivyosomwa karibuni, na mtu anayeangalia safu ya iliyotumika hupata mshtuko wa bure. Katika majibu ya amri ya `free -h`, safu ya mwisho, inayoonyesha kiasi kinachoweza kupatikana programu ikikihitaji, ndiyo ya kuaminiwa. Nyumba yenye picha, filamu na kamera mbili inatosheka na GB 16, na anayetaka kuendesha mashine pepe nyingi, yaani kompyuta za kufikirika ndani ya moja, juu ya Proxmox ndiye mwenye sababu ya kupanda zaidi. Ukiweka RAM mpya, mara ya kwanza mashine inaweza kukaa na skrini nyeusi kwa muda inapojipima; ipe dakika mbili kabla hujaanza kuichomoa.

Kwa upande wa diski, mashine nyingi za kizazi cha 6 na kuendelea zina sloti moja ya M.2, ya SSD nyembamba isiyo na kasha, yenye urefu wa milimita 80 na nafasi moja ya diski ya inchi 2.5. Umbo la M.2 halisemi kila kitu. SSD zenye mkato mmoja upande wa kulia kwa kawaida ni za NVMe, na zile zenye mikato miwili kwa kawaida ni za SATA (hizi ni lugha mbili tofauti za diski kuzungumza na mazabodi), na ingawa zenye mikato miwili huingia kwenye sloti ileile, baadhi ya sloti za mashine hizi hazizungumzi SATA, hivyo SSD itakaa humo salama salimini bila kuonekana kwenye bayosi. Sloti nyingine fupi zaidi iliyo karibu nayo ni ya kadi ya Wi-Fi. Nafasi ya inchi 2.5 nayo ina kikomo cha unene: diski za milimita 7 huingia, wakati zile nene za milimita 15 zenye uwezo mkubwa haziingii. Wapo wanaoning'iniza diski za nje kwa USB, na hilo linakubalika kwa nakala za akiba, lakini diski ya inchi 3.5 lazima iwe na adapta yake ya volti 12, na adapta hiyo nayo lazima ichomekwe kwenye UPS, la sivyo umeme ukipepesa mashine itabaki hai na diski itapotea.

Kabla ya kuiamini diski au flashi yoyote iliyonunuliwa mitaani, ipime. Vipo vifaa vinavyojitangaza kuwa na TB 2 huku ndani vina GB 64, na vinapokea mafaili yote kwa furaha huku vikiandika juu ya yale ya kwanza. Programu ya F3 huandika mpaka mwisho na kusoma tena, na jibu lake halina mjadala.

Kubadilisha prosesa sikupendekezi kwa wengi. Soketi ya LGA1151 hupokea kizazi cha 6 na cha 7 kwenye mazabodi za kundi moja, na kizazi cha 8 na cha 9 kwenye mazabodi za kundi la pili, na makundi haya mawili hayachanganyiki ingawa soketi zina jina moja. Ni afadhali kuchagua kizazi siku ya kununua. Atakayetumia Jellyfin kutazama filamu kwenye simu na televisheni ajue kwamba kizazi cha 7 hufungua na kufinya video za HEVC (mtindo mmoja wa kufinya video) za biti 10 kwa saketi maalumu iliyo ndani ya prosesa, ilhali kizazi cha 6 huishia kwenye biti 8, na tofauti hiyo moja ina thamani kuliko namba za mwendo zilizoandikwa kwenye kibandiko.

Siku ya kununua pia ingia kwenye bayosi ukiwa bado dukani. Ikidai nenosiri la msimamizi ambalo muuzaji halijui, irudishe mezani, hata kama bei ni tamu. Mashine zenye vPro, nembo ya Intel ya mashine za ofisi, zina pia chombo cha kuziendesha kwa mbali kiitwacho AMT, kinachoweza kujibu kwenye mtandao hata kompyuta ikiwa imezimwa ilimradi ina umeme, na ofisi iliyokuwa nayo mwanzo huenda ilikiacha kimewashwa. Kirejeshe kwenye hali ya kiwandani au ukizime kabisa.

Inapougua

Mashine isiyoonyesha kitu kwenye skrini ndiyo hutisha zaidi, na mara nyingi kosa liko nje yake. Nyingi zina tundu la DisplayPort badala ya HDMI, na kebo ya kugeuza kutoka DisplayPort kwenda HDMI hufanya kazi upande mmoja tu. Kebo iliyotengenezwa kwa safari ya kinyume itaingia vizuri kabisa na haitaonyesha chochote. Ukishajiridhisha na kebo, itazame taa ya kitufe. Dell, HP na Lenovo wana lugha ya mimweko au milio inayotaja kifaa kilichoshindwa, na kila modeli ina jedwali lake katika mwongozo wa matengenezo unaopakuliwa bure. Hesabu mimweko mara mbili kabla ya kuamini hesabu yako.

Ikisema ni RAM, usikimbilie kununua. Nilipeleka mashine yangu kwa fundi mmoja kijana karibu na stendi, nikiwa nimeshaamua kwamba RAM imekufa na nimeshatenga pesa.

"Mzee, hii haijafa, haisomi tu," akasema, akaomba kifutio cha penseli kwa binti aliyekuwa akiandika madaftari jirani yake. Akasugua meno ya dhahabu ya RAM pande zote mbili, akapuliza sloti kwa bloa, akarudisha kwa kubonyeza mpaka vishikio vyote viwili vikalia. Ikawaka. Aliniambia nisugue polepole, nisifute hadi dhahabu yenyewe. Endapo usafi hautasaidia, jaribu RAM moja moja katika kila sloti ili ujue kama mgonjwa ni RAM au ni sloti, kisha iache programu ya kupima RAM ya Memtest86+ iendelee usiku kucha. RAM inayokosea mara moja katika saa 6 inatosha kuharibu picha moja moja bila wewe kujua.

Kosa lililonifundisha zaidi lilikuwa la diski. Kumbukumbu za mfumo zilijaa makosa ya kusoma, filamu zilikuwa zikikwama, nami nikanunua SSD mpya ya inchi 2.5, nikahamisha kila kitu kwa usiku mzima, na siku ya tatu makosa yakarudi yaleyale. Laiti ningesoma ripoti ya `smartctl -a` kabla ya kwenda dukani. Ripoti hiyo huorodhesha hali ya diski kwa namba za utambulisho: ya 5 huhesabu sehemu zilizoharibika na kuhamishwa, ya 197 huhesabu zinazosubiri uamuzi, na hizo mbili zikipanda diski inaugua kweli. Kwenye ile ya zamani zote mbili zilikuwa sifuri. Iliyokuwa ikipanda ni ya 199, ambayo huhesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na mazabodi. Nilipofungua tena nikakuta utepe bapa unaounganisha diski umekunjwa na kubanwa na kava upande mmoja, alama ya mkunjo ikiwa nyeupe kama kovu. Utepe mwingine ulimaliza tatizo. Ile diski ya zamani ipo hadi leo, nzima, natunzia nakala za akiba.

Upo ugonjwa mwingine unaofanana na kifo cha mashine na si kifo. Seva inapotea kwenye mtandao, hasa katikati ya kuhamisha mafaili makubwa, lakini ukiiunganishia skrini unaikuta macho, inafanya kazi zake kama kawaida. Mashine nyingi za aina hii hutumia kadi ya mtandao ya Intel I219, na chini ya Linux kadi hiyo inajulikana kwa kukwama namna hii. Katika `journalctl -k` utaona mstari unaosema «Detected Hardware Unit Hang». Dawa inayowafaa wengi ni kuizuia kadi isifanye kazi ya kukata pakiti kubwa kwa niaba ya prosesa, kwa amri ya `ethtool -K eno1 tso off gso off`, ukiweka jina la kadi yako badala ya eno1. Amri hiyo husahaulika mashine ikizimwa, kwa hiyo iandike kwenye mipangilio ya mtandao ili irudi yenyewe. Watu wamebadilisha kebo, swichi na hata ruta kwa ajili ya ugonjwa huu.

Mwenye kutumia intaneti ya simu asihesabu kuwa ni ugonjwa pale anaposhindwa kuifikia seva akiwa nje ya nyumba. Mitandao ya simu mara nyingi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, na hakuna mlango wa kufungua kwenye ruta utakaosaidia. Programu ya Tailscale, iliyojengwa juu ya WireGuard (njia ya kuunganisha mashine kwa siri kupitia intaneti), huzunguka tatizo hilo kwa kuifanya seva yenyewe ianzishe safari ya kwenda nje.

Ikiwa ni mazabodi yenyewe iliyokufa, yaani hakuna taa hata kwa adapta uliyoithibitisha na RAM uliyoijaribu, usimlipe mtu kuichoma kwa hewa ya moto. Tafuta mashine nyingine ya modeli ileile, uhamishie SSD na RAM zako, na mfumo utawaka kama vile hakuna kilichotokea, isipokuwa kitu kimoja: anwani ya kadi ya mtandao ni mpya. Ruta iliyokuwa ikiipa seva namba maalumu haitaitambua na itaipa namba nyingine, na simu zote za nyumbani zitasema seva haipo. Ingia kwenye ruta, futa anwani ya zamani, andika mpya, kisha rudi kwenye bayosi ya mashine hiyo mpya uwashe kile kipengele cha kujiwasha umeme unaporudi, kwa sababu nacho hakikuhama na SSD.